Maniema: Filamu ya 1953 ambayo mashoferi wa Kasongo na Kabambare wataielewa haraka

Anayepanda kamio kutoka Kasongo kwenda Kabambare wakati wa mvua hahitaji kuelezwa woga ni nini. Magurudumu yanazama, motaboi anaruka chini na gogo lake, abiria wanashuka, na kwenye daraja la miti kila mtu ananyamaza. Ndiyo maana, kati ya filamu za zamani, moja inastahili kuonyeshwa huku kwenye ekra kubwa: Le Salaire de la peur, ya Mfaransa Henri-Georges Clouzot.

Ilitoka 1953, na mwaka huo huo ikapata tuzo kuu Cannes na Berlin. Kisima cha petroli kinawaka moto. Kampuni ya Wamarekani inatafuta watu wa kupeleka nitrogliserini, kilipuzi kisichotaka kutikiswa hata kidogo. Wanachaguliwa wanne, kamio mbili, dola 2.000 kwa kila mmoja. Kampuni inachukua watu wasio na kazi, wasio na sendika wala jamaa wa kuwalilia. Wenye ndugu kwenye machimbo ya dhahabu ya Namoya na Salamabila hawatashangaa.

Clouzot hana haraka. Karibu saa nzima inapita kamio hazijaondoka, na anayetazama kwenye simu atasogeza mbele. Mimi pia nilifanya hivyo mara ya kwanza, nikaona ni filamu ya kawaida tu. Siku nilipoitazama usiku kwa projekta, juu ya shuka jeupe uani, kamio ilikuwa kubwa kama nyumba. Inarudi nyuma juu ya mbao zilizooza, pembeni mwa korongo, gurudumu linateleza. Hakuna muziki, ni injini na mbao zinazolia. Mzee jirani yetu, shoferi wa zamani, alikuwa anakanyaga breki mchangani kwa mguu mtupu.

Katika vyumba vyetu vya video watu hubanana mbele ya televisheni moja, mara nyingi kwa ajili ya mpira au filamu za ngumi. Kwa hii inatosha kuwa na projekta, shuka na mafuta ya jenereta ya saa mbili na nusu. Kifaransa kisimtishe mtu: barabarani wale wanaume husema machache. Jenereta tu iwekwe mbali, nyuma ya nyumba, la sivyo kelele yake itameza mlio wa zile mbao.