Presha Haibishi Hodi

Hapa Eastlands wengi hudhani mwenye presha lazima aumwe kichwa. Sivyo. Mwaka 2008 na 2009 watafiti walipima watu wazima wa Korogocho na Viwandani. Kati ya waliokutwa na presha, ni kama mmoja tu katika watano aliyejua anayo. Presha huuchosha moyo na kuharibu mishipa kimya kimya, mpaka siku mtu aangukapo.

Paulo aliwafundisha Wakorintho kuuheshimu mwili kama hekalu. Basi tuanze na chumvi: isifike kijiko kimoja cha chai kwa siku nzima, pamoja na ile iliyomo katika mkate na chipsi. Kichupa cha chumvi kiondoke mezani. Sigara iachwe kabisa. Wa Makongeni aendaye viwandani aweza kwenda kwa miguu. Nasi wachungaji, tunaopewa soda kila nyumba, tuombe maji.

Twende zahanati tupimwe. Kipimo kikirudia kufika 140 kwa 90, tumwone daktari. Na aliyeombewa aendelee kumeza dawa mpaka daktari aseme vingine.