Kaseti ya Mikono Yake Mwenyewe

Hutujia wazee mara kwa mara na shitaka moja, kwamba watoto wao wametekwa na mashine za mchezo. Wakiitwa hawasikii, wakitumwa hawaendi, na adhana husikika nao wangali wameinamia kioo. Shitaka hilo twalijua vema, kwani lilikuwamo nyumbani mwetu pia. Hatukusudii hapa kuwatetea watoto wala kuwatwisha wazee lawama. Twataka kusimulia habari ya kijana wetu mmoja, mwana wa dada yetu, ambaye baba yake alikwisha kuazimia kuitupa mashine yake jalalani. Tulimwomba ampe muhula wa miezi mitatu, naye akakubali kwa sharti: katika muda huo kijana asicheze nayo hata siku moja, bali ajifunze kuitengenezea kitu kwa mikono yake. Akishindwa, mashine itatupwa, na mjomba wake atanyamaza.

Mashine yenyewe ni Game Boy ya kijivu, ya namna ile ya kwanza, aliyoletewa na jamaa aliyerejea kutoka Maskati. Huenda vijana wanaosoma gazeti hili wakaicheka, maana kioo chake kina nukta 160 kwa 144 tu, na rangi zake zote ni vivuli vinne vya kijani. Walakini si chombo cha kudharauliwa. Ilianza kuuzwa Japani tarehe 21 Aprili 1989, na ukiihesabu pamoja na ndugu yake mwenye rangi aliyetoka mwaka 1998, ziliuzwa zaidi ya milioni 118 ulimwenguni.

Aliyekuwa mkuu wa kazi ya kuibuni ni Gunpei Yokoi, na habari zake zafaa kusomwa na kila kijana anayedhani kwamba kazi ndogo haina mbele. Yokoi alisomea elimu ya umeme katika Chuo Kikuu cha Doshisha, mjini Kyoto, na mwaka 1965 akaajiriwa na kampuni ya Nintendo. Kampuni hiyo ilianza mwaka 1889 kwa kutengeneza karata, na bado karata ndizo zilizokuwa biashara yake kubwa. Kazi aliyopewa Yokoi ilikuwa kuziangalia mashine za kuzitengenezea. (Karata si mlango ambao sisi tunausifu, lakini tazama mtu alitokea wapi.) Katika nafasi yake alijiundia mkono wa kuchezea, wenye kunyooka na kukunjamana kama mkasi. Mkubwa wa kampuni akauona, na badala ya kumfukuza kwa uvivu akamwamuru autengeneze uuzwe. Uliuzwa mwaka 1966, ukapendwa mno.

Tangu hapo Yokoi alishika kanuni moja: chukua vitu vya zamani, ambavyo mafundi wamekwisha kuvielewa na bei yake imeshuka, kisha uvitumie kwa njia ambayo haijafikiriwa. Ndiyo maana Game Boy haikuwa na rangi, hali Lynx ya Atari, iliyotoka mwaka ule ule, na Game Gear ya Sega, iliyofuata mwaka 1990, zote zilikuwa nazo. Hizo mbili zilimeza betri sita kwa saa chache. Game Boy ilitosheka na nne, nazo zikadumu muda mrefu zaidi. Yokoi alifariki mwaka 1997 kwa ajali ya barabarani.

Na unyonge huo wa mashine ndio umfaao mwanafunzi. Simu iliyomo mfukoni mwako leo hapana mtu mmoja, hata awe mwanachuoni mkubwa wa namna gani, awezaye kusema kwamba anaijua yote ndani na nje. Game Boy yawezekana kuijua. Ubongo wake hupigishwa hatua na mapigo milioni 4.19 kwa sekunde, kumbukumbu yake ya kufanyia kazi ni kilobaiti 8, na nyingine 8 ni za picha. Wapenzi wake wamekwisha kuipima na kuiandika yote. Kitabu cha maelezo kiitwacho Pan Docs kilianzishwa mwaka 1995 na mmoja wao, na wengine wamekuwa wakikiongeza na kukisahihisha tangu hapo, nacho hupatikana bure. Bidii ya watu hawa yastaajabisha. Ndani ya mashine mna programu ndogo ya baiti 256 ambayo huamka kwanza, kisha hujificha isisomwe na mtu; mwaka 2003 mmoja wao aliifunua chipu yenyewe, akaitazama kwa hadubini, akazisoma baiti zote mojamoja kwa macho.

Sasa tueleze kazi yenyewe. Kaseti ya mchezo, ile ichopekwayo nyuma ya mashine, ina miguso 32 ya dhahabu iliyopangwa safu moja. Miguso 16 ni njia za anwani. Katika kila njia umeme ama upo ama haupo, na kwa njia 16 za namna hiyo mashine yaweza kutaja anwani 65,536 mbalimbali, kama vile mtu atajavyo namba ya nyumba. Miguso 8 ni njia za data, ambamo jawabu hurudi. Iliyobaki ni ya umeme wa volti 5, ya ardhi, ya kuamuru kusoma au kuandika, na mingine michache. Basi kaseti iliyo nyepesi kuliko zote ni chipu moja tu: mashine hutaja anwani, chipu hujibu kwa yaliyoandikwa pale. Mchezo mashuhuri wa Tetris ulikuwa hivyo, kilobaiti 32 bila kitu kingine. Michezo mikubwa huhitaji chipu ya pili ya kubadilisha kurasa, na ile inayokumbuka mchezaji alipofika huwa na betri ndogo ya duara ndani yake. Kwa betri hizo tuna neno kwa akina mama: zisiachwe mahali mtoto mchanga afikapo, kwani akiimeza huunguza koo lake kwa muda mfupi, na kuchelewa kumpeleka hospitali ni hatari.

Kijana alianza kwa kununua kaseti moja ya mpira, mbovu, isiyotakiwa na mtu. Parafujo yake ina kichwa cha ajabu kisichokubali bisibisi ya dukani, ikabidi tutafute bisibisi yake ya milimita 3.8. Akaing'oa chipu ya zamani, akabaki na ubao wenye miguso. Chipu mpya tuliyoagiza huitwa 28C256. Yaandikwa na kufutwa kwa umeme, ina nafasi ya kilobaiti 32, na ina miguu 28. Kila mguu unataka waya wake: 15 ya anwani, 8 ya data, miwili ya umeme na ardhi, mmoja wa kuruhusu kusoma, mmoja wa kuandikia, ambao huunganishwa na umeme moja kwa moja ili kisiandikwe kitu kwa bahati mbaya, na mmoja wa kuiamsha chipu. Huo wa mwisho ndio uliotuaibisha, kama itakavyosomwa.

Mwezi wa kwanza ulipita wote katika kujifunza kulehemu. Hapa kijana alikaribia kukata tamaa, na twakiri kwamba nasi tulianza kuhesabu siku kwa wasiwasi. Chuma cha kulehemia hupata moto wa zaidi ya digrii 300, na mkono usiozoea hukikawiza mno, shaba ya ubao ikabanduka. Au hukiondoa upesi mno, lehemu ikakaa juu kama tone la uji bila kushika. Aliziharibu mbao mbili za majaribio. Tulimwekea masharti: madirisha yawe wazi, wadogo zake wasikaribie, na asiguse chakula kabla ya kunawa, kwani lehemu aghalabu ina madini ya risasi. Mama yake aliongeza sharti la nne, kwamba meza ya kulia chakula isitumike tena kwa kazi hiyo, na alama ya kuungua iliyopo juu yake mpaka leo yaonyesha kwamba alikuwa na haki.

Jaribio la kwanza lilifanyika wiki ya saba. Yafaa kujua kwamba mashine hii inapowashwa, kabla ya jambo lolote, husoma baiti 48 za chapa ya kampuni zilizomo ndani ya kaseti, huiteremsha chapa hiyo juu ya kioo, kisha huilinganisha na ile inayoijua yenyewe. Zikihitilafiana hata kidogo, husimama hapo hapo. Basi chapa ni kama daktari: bila kaseti huonekana kipande cheusi kitupu, na waya mmoja wa data ukiwa mbovu, huteremka imechanikachanika. Yetu ilichanika. Kijana akapima nyaya moja moja kwa mita, akaukuta waya wa data wa tano umelegea, akaurekebisha. Akawasha tena. Chapa ikateremka safi, kengele ikalia, na nyumba nzima ikashangilia. Kisha kioo kikajaa herufi zisizosomeka, mashine ikaganda.

Kosa hili lilikuwa letu, si lake. Tulikuwa tumemwambia, kwa kujifanya wajuzi, kwamba mguu wa kuamsha chipu auunganishe na ardhi ili chipu iwe macho daima. Alikaa siku nne na kitabu cha maelezo, kisha akatujia usiku na karatasi aliyoichora. Kaseti, alisema, imepewa nusu ya chini ya anwani kwa ajili ya programu, na kumbukumbu ya kazi ya mashine imo katika nusu ya juu, lakini vyote viwili vyatumia njia zile zile za data. Mashine ilipoiuliza kumbukumbu yake, chipu yetu, iliyo macho daima, ilijibu pia, na sauti mbili zikasema kwa pamoja. Programu ile ndogo ya kuamkia haiigusi kumbukumbu hiyo, na kwa hiyo chapa ilishuka bila taabu. Dawa yake ilikuwa kuutoa mguu ule ardhini na kuuunganisha na njia ya anwani ya mwisho, ile inayotofautisha nusu ya chini na ya juu, ili chipu ijibu inapoitwa yenyewe tu. Alihamisha waya mmoja. Mashine ikafanya kazi.

Twakiri kuwa hatukulala mapema usiku ule. Mtoto ambaye miezi miwili nyuma hakuweza kukaa na hesabu za shule kwa nusu saa alikuwa amelitafuta kosa la mjomba wake kwa siku nne, na kuliona.

Habari ikaenea mtaani, na pamoja nayo jaribu ambalo hatukulitazamia. Walikuja vijana wakitaka awaandikie katika chipu michezo iliyoandikwa na watu wengine, na mmoja akaja na fedha mkononi. Kijana akatuuliza kama kuna ubaya. Tulimjibu hivi: kuichunguza mashine uliyoinunua na kuitengenezea kaseti ipatanayo nayo ni elimu, hata mahakama ya rufani ya Marekani, mwaka 1992, katika shauri la Sega na Accolade, iliona kwamba kuichambua programu kwa sababu hiyo yaweza kuwa halali. Lakini kunakili kazi ya mtu na kuiuza bila idhini yake ni kula jasho la mwingine, na umri wa mchezo haubadilishi jambo hilo. Fedha zikarudishwa. Hakufurahi, na hatutasema kwamba alifurahi. Fedha zile zingemtosha kununua mita yake mwenyewe.

Badala yake aliandika programu yake, kwa vifaa vitolewavyo bure, akaichagulia kazi ndogo: kumsomesha dada yake, mwenye miaka minane, jedwali la kuzidisha. Mashine huonyesha hesabu, mtoto huchagua jawabu kwa vitufe. Hapo tena akakutana na jambo la kumshangaza: ubongo wa Game Boy hauna amri ya kuzidisha wala ya kugawanya. Wajua kujumlisha na kutoa tu. Ukitaka 7 mara 8, huna budi kuuamuru ujumlishe 8 mara saba, na kijana akasema kwamba sasa ndipo alipofahamu maana ya kuzidisha, jambo ambalo mwalimu wake alikuwa akilisema tangu darasa la tatu.

Siku ya mwisho ya muhula baba yake aliletewa mashine baada ya kurudi kutoka msikitini. Aliigeuza, akautazama ubao na nyaya zake 28, kisha akaanza kujibu hesabu. Alijibu mpaka chakula kikapoa. Neno la jalala halikutajwa.

Ilibaki kwa yule mdogo kuikosoa kazi. Yeye hakutosheka na jedwali la 12, akataka aongezewe, na kaka yake akamwongezea mpaka 16. Asubuhi moja akaja mbio, amekasirika, kwamba mashine inasema uongo: 16 mara 16, yasema, ni sifuri. Kijana alinyamaza kidogo, kisha akacheka. Baiti moja haiwezi kushika namba ipitayo 255. Ifikapo 256 hurudi mwanzo. Alichukua karatasi, akakaa barazani, akaanza kuandika upya sehemu ile ili jawabu lishikwe na baiti mbili, na dada yake akaketi kando yake kumsimamia.