Njuga, Nyasi na Ujira: Mila za Misimu za Uingereza

Ngoma na maigizo ya misimu ya Uingereza mara nyingi huelezwa kuwa mabaki ya ibada za kipagani. Watalii hupenda maelezo hayo, ila maandishi ya kale hayayathibitishi. Habari ya mwanzo kabisa ya ngoma ya morris nchini humo, ya mwaka 1448, ni hesabu ya fedha: chama cha masonara wa London kiliwalipa wachezaji. Mila hizi zilifungamana na kazi, na ufungamano huo ndio uliokuwa mgumu kufufua.

Mjini York, maigizo ya visa vya Biblia, yanayotajwa tangu 1376, yalikuwa mikononi mwa vyama vya mafundi. Katika sikukuu ya Mwili wa Kristo, majukwaa ya magurudumu yalizungushwa mitaani tangu alfajiri, na mara nyingi kisa kililingana na ufundi. Waunda meli walijenga Safina, waokaji mikate waliandaa Karamu ya Mwisho, na wafua misumari walimsulubisha Yesu. Fundi aliigiza huku akitangaza kazi yake. Baada ya Matengenezo ya Kanisa, maigizo hayo yalikoma. Mara ya mwisho ilikuwa 1569. Yaliporudi mwaka 1951, yalichezwa kwenye jukwaa lisilosogea katika magofu ya abasia ya St Mary's. Majukwaa ya magurudumu yalirejea mitaani baadaye.

Ufufuo wa morris nao ulianzia kwenye ukosefu wa kazi. Wachezaji wa Headington Quarry, karibu na Oxford, walizoea kucheza majira ya Pentekoste. Lakini Desemba 26, 1899 walitoka na njuga zao miguuni kutafuta chochote, kwa sababu baridi kali ilikuwa imesimamisha ujenzi. Mpiga konsetina wao, William Kimber, alikuwa mwashi. Mwalimu wa muziki Cecil Sharp aliwaona, akaandika tuni zao, na mwaka 1911 akaanzisha chama cha ngoma za jadi. Kabla ya chama hicho, mwaka 1905, Mary Neal, aliyeongoza klabu ya mabinti washonaji, alikwisha kumwita Kimber London awafundishe.

Maigizo ya Krismasi, ambamo tabibu humfufua shujaa aliyeuawa, nayo huishia kwa kupitisha kofia ya michango.

Huko Whittlesey, Cambridgeshire, vibarua wa mashamba walimvika mwenzao nyasi za mavuno akawa dubu, wakamchezesha nyumba kwa nyumba Jumanne moja ya Januari, wakati ajira ilipokuwa haba. Mwaka 1909 polisi waliipiga marufuku desturi hiyo, wakiiona kuwa njia ya kuombaomba. Dubu alirudishwa mwaka 1980, na maandamano yake yakahamia Jumamosi, siku ambayo wengi hawako kazini. Hivyo ratiba ya kazi bado ndiyo inayompangia dubu siku, ingawa hatoki tena kutafuta riziki.