Si kila adandiaye ni kupe

JUZI mjukuu wangu, mwanafunzi wa shule ya upili, alinijia na daftari lake la biolojia. “Babu, neno hili mwalimu ametupa kwa Kiingereza tu. Kwa Kiswahili linaitwaje?” Nikavaa miwani, nikasoma: komensalizimu. Ni uhusiano wa viumbe wawili ambapo mmoja hufaidika na mwenzake hapati wala hapotezi. Kabla sijafungua kinywa, mjukuu akajijibu mwenyewe: “Si ni ukupe tu, Babu?”

La hasha! Neno hilo lina kidonda kwangu, nami nitakieleza baadaye. Kwanza tumtazame kupe mwenyewe. Yeye humganda ng’ombe, akamfyonza damu na hata kumwambukiza ndigana. Mmoja anafaidi, mwingine anaumia. Upande wa pili kuna nyuki na ua: nyuki hupata mbochi, ua nalo likachavushwa. Wote wanafaidi. Komensalizimu imekaa katikati ya hali hizi mbili.

Chukua mfano wa yangeyange, wale ndege weupe wanaoandamana na mifugo. Ng’ombe akitembea malishoni, kwato zake hufurusha panzi kutoka majanini, naye yangeyange huwadaka. Nyasi za ng’ombe hazipungui kwa hilo. Wanasayansi wamempa ndege huyu jina Bubulcus, ambalo katika Kilatini ni mchunga ng’ombe. Tena ufuasi huu umemfikisha mbali. Alivuka Atlantiki kutoka Afrika, akaonekana Amerika Kusini mwishoni mwa karne ya 19, na kufikia 1953 alikuwa akitaga Florida, penye ng’ombe tele.

Baharini naye yupo chazo. Pezi lake la mgongoni limegeuka kuwa kisahani cha kunatia juu ya kichwa. Hujibandika kwa papa au kasa, akasafirishwa bure na kuokota makombo. Wavuvi wa pwani yetu waliijua tabia hiyo zamani. Walimfunga chazo kamba mkiani, wakamwachilia amnate kasa, kisha wakawavuta wote wawili.

Mbelgiji Pierre-Joseph van Beneden ndiye aliyewatenganisha viumbe hawa na wanyonyaji katika kitabu chake cha 1875. Jina lenyewe limetokana na Kilatini mensa, yaani meza. Ni walaji wa meza moja.

Sasa je, sisi tuna neno gani? Wengi hukimbilia “kimelea”. Hebu tulichambue. Shina lake ni kitenzi mea. Katika kauli ya kutendea tunapata melea, yaani kumea juu ya kitu kingine. Ndani ya maumbo hayo hamna kunyonya wala kudhuru. Okidi inayomea juu ya tawi katika msitu wa Kakamega, ikijipatia mwanga na maji ya mvua bila kuugusa utomvu wa mti, kisarufi ni kimelea halisi. Kibiolojia sivyo, maana matumizi yameshalitwika neno hilo mzigo wa madhara.

Wahenga, kwa upande wao, waliziona hali zote tatu. Zimwi likujualo halikuli likakwisha: huyo ni mnyonyaji mwenye busara. Mgeni njoo, mwenyeji apone: huko ni kufaana. Na katika msafara wa mamba, kenge nao wamo. Methali hii aghalabu hutumika kwa kejeli, lakini kenge yule amempunguzia mamba nini?

Mimi napendekeza “udandiaji”. Kudandia ni kuning’inia kwenye chombo kinachokwenda, katika safari ambayo ingekuwepo hata bila wewe. Nakiri kwamba mpaka wa maana hii si ukuta. Chazo huweza pia kula vijidudu vinavyomsumbua papa, na hapo udandiaji unageuka kufaana. Wenye neno bora walilete. Muhimu ni kwamba pengo hili lizibwe, maana lugha isiyokuwa na jina la hali ya kati humlazimisha msemaji kuchagua kati ya rafiki na mnyonyaji.

Hapo ndipo penye kidonda changu. Katika miaka ya sabini nilisomea mtihani kwenye baraza ya duka moja sokoni kwetu, kwa kuwa nyumbani koroboi ilikuwa haina mafuta. Balbu ya pale iliwaka usiku kucha kuwatisha wezi, niwepo nisiwepo. Usiku mmoja mwenye duka alitoka, akanifukuza. “Ondoka hapa, kupe wewe!” Kufukuzwa nilikusahau upesi. Lile neno sikulisahau, kwani bili yake ya stima haikuongezeka hata ndururu kwa sababu yangu. Lakini kwa umri ule sikuwa na neno la kumjibu, nikakusanya vitabu nikaenda.

Nilipomsimulia mjukuu kisa hiki, alifuta “ukupe” daftarini akaandika “udandiaji”, kwa penseli. Nikamwuliza mbona penseli. Akasema anangoja mwalimu akubali. Nami nangoja wenye kamusi.