Rada inavyolifuata wingu, na kwa nini Mlima Hanang unaipa shida

Mzee mmoja wa upande wa Gendabi alipiga simu kwenye kipindi cha asubuhi. Baada ya shikamoo akaniuliza: "Mwanangu, hizo rada za mvua mnazozitaja, zinaliona wingu kama sisi tunavyoliona, au zinaona nini?" Muda ulikuwa umekwisha, nikamuahidi jibu hapa. Kwetu tunaoishi chini ya mlima huu swali hilo si dogo. Asubuhi ya Jumapili, Desemba 3, 2023, tope, mawe na magogo vilishuka kutoka Mlima Hanang hadi Katesh mjini, Gendabi, Jorodom na Ganana, na watu 89 wakapoteza maisha.

Rada hutuma mawimbi ya redio, ndugu wa haya yanayokuletea sauti yangu, kisha husubiri mwangwi urudi. Ndege ya abiria ikiwa mbali hurudisha mwangwi mmoja, nayo huonekana kama nukta. Wingu la mvua hurudisha mamia kwa mara moja, na rada ikilitazama tena baada ya dakika chache mwangwi haurudi kutoka sehemu zilezile.

Mfugaji ataelewa haraka. Ukiwa juu mlimani, kule chini uwandani unaona kundi la ng'ombe. Huwezi kumfuata ng'ombe mmoja kwa macho, lakini unajua kundi lilipo, limetanuka kiasi gani na linaelekea wapi. Ukilitazama vizuri, unajua pia kama ni ng'ombe au mbuzi. Programu ya rada hufanya hivyohivyo. Hukusanya mwangwi wote wa kundi moja, hulichorea duaradufu, yaani duara lililovutwa kama yai, kisha hutunza kumbukumbu ya kitovu chake, ukubwa wake na mwendo wake. TITAN, programu iliyoelezwa na Michael Dixon na Gerry Wiener wa Marekani mwaka 1993, hulifuata wingu la mvua kwa kulichukulia kama duaradufu.

Tatizo ni kwamba kila kipimo kina makosa. Hapo ndipo inapoingia hesabu ya Rudolf Kalman ya mwaka 1960, inayoitwa kichujio cha Kalman, ambayo ilitumika pia katika safari za Apollo kwenda mwezini. Tuseme wingu liko kilomita 10 kutoka mlimani, linakuja kwa kilomita 20 kwa saa. Baada ya dakika 6 linapaswa kuwa kilomita 8. Rada ikitazama, inasema 9. Nani mkweli? Kichujio hakimfukuzi yeyote, ila humpa kila mmoja uzito kwa kadiri anavyoaminika, kikatoa pengine 8.4. Kisha hukisia tena, hupima tena, hurekebisha tena. Vichujio vipya zaidi hufanya hivyo hata kwa umbo: kundi linarefuka au linajikunja?

Umbo na tabia ndivyo vinavyosaidia pia kutambua kinachoonekana. Tone kubwa la mvua likianguka hulala bapa kidogo, na rada za kisasa hutuma mawimbi ya wima na ya mlalo ili kulitofautisha na mvua ya mawe inayobingirika. Mlima haujongei, kwa hiyo mwangwi wake huondolewa. Hata ndege wanaoruka kwa makundi makubwa huonekana. Wakulima wanaosumbuliwa na kweleakwelea, msianze kunipigia simu kwanza!

Sasa turudi Hanang. Upepo wenye unyevu ukigonga mlima hupanda, hupoa, na mvua hutengenezwa palepale. Upande mmoja wa wingu unazaliwa huku mwingine ukifa, kwa hiyo upepo unapita lakini kitovu cha wingu kinabaki mahali pamoja. Anayefuata kasi ya upepo peke yake atasema mvua inaondoka. Wingu linalomwaga milimita 20 kwa saa likipita ndani ya nusu saa huacha milimita 10, yaani lita 10 kwa kila mita moja ya mraba. Likikaa saa tano, linaacha 100. Kwangu mimi, wingu lililosimama juu ya mlima linatisha kuliko lile linalonguruma na kupita.

Umbali nao ni shida. Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, ilipanga mtandao wa rada saba, na Dodoma ni mojawapo ya vituo vyake. Kutoka Dodoma hadi Katesh ni karibu kilomita 190 kwa mstari ulionyooka. Dunia ni mviringo, na mwali wa rada huinuliwa kidogo kukwepa ardhi. Ukiinuliwa nusu nyuzi, kwa umbali huo utakuwa karibu kilomita 3.8 juu ya usawa wa Dodoma, yaani juu kabisa ya kilele cha Hanang chenye mita 3,420 kutoka usawa wa bahari. Pia utakuwa umetanuka hadi kilomita tatu hivi. Mvua inayotengenezwa kwenye mteremko, chini ya hapo, inaweza isionekane yote.

Na hata ikionekana yote, rada haioni udongo. Serikali ilieleza kuwa sehemu ya mlima ilikuwa na miamba dhaifu iliyonyonya maji mpaka ikameguka. Hilo linahitaji vipimo vya mvua kwenye mteremko wenyewe, na mtu wa kuvisoma hata usiku.

Basi mzee wangu wa Gendabi, rada inaliona wingu kama wewe unavyoliona kundi la ng'ombe kutoka mbali. Wewe uliye chini ya mlima unaweza kuweka kopo lenye kuta zilizonyooka mahali pa wazi, mbali na paa na miti, na kupima kina cha maji kwa rula kila asubuhi. Milimita utakazosoma ni zilezile wanazotumia wataalamu. Tupigie utuambie.