Fizi: Namna ya kukaza dredi nyumbani bila kung'oa mashina ya nywele

Kutoka Baraka hadi Uvira ni kilomita karibu 90. Kwa mwenye dredi, kufunga safari hiyo kila miezi miwili juu ya kutafuta fundi ni kazi. Wakati wa mvua barabara inaharibika, na tangu Bukavu ilipoangukia mikononi mwa M23 mwezi wa pili 2025, vita vimefanya safari katika Kivu ya Kusini kuwa za wasiwasi zaidi. Wengi wanaamua kujikaza wenyewe nyumbani. Jambo hilo linawezekana, lakini mkono usio na kipimo unaweza kuacha upara usiorudi.

Kukaza kwa ndoano kuna tofauti na kusokota kwa jeli. Hapa ncha ya dredi inapitishwa ndani ya shina lake, inatoka upande wa pili, na kunabaki fundo. Fundo hilo halifunguki mtu akioga ziwani ao akitoka jasho shambani.

Kazi inaanza kwa kunawa

Osha kichwa kwa sabuni, suuza mpaka povu liishe, kisha acha nywele zikauke. Anayeoga katika Ziwa Tanganyika ajue kwamba pH ya maji yake iko karibu na 9, na maji ya namna hiyo yanafanya unywele uwe mkavu na wenye kukwaruza. Kijiko kimoja cha maji ya limau ndani ya litre moja ya maji safi kinasaidia. Mimina, ngoja kidogo, suuza tena.

Tumia ndoano ya kroshe yenye ulimi, ile ndogo. Chukua dredi moja, tenga nywele zake na za jirani, kisha pitisha kwa zamu nne: kutoka sikio la kuume kwenda la kushoto, kutoka paji la uso kwenda kisogoni, kutoka kushoto kwenda kuume, na mwisho kutoka kisogoni kwenda mbele. Rudia kwa mpango huo huo. Ndoano ikianza kugoma kuingia, simama hapo. Nafasi ndogo lazima ibaki kati ya fundo na ngozi.

Unywele unakua karibu sentimita 1 kwa mwezi. Kwa hiyo wiki 6 hadi 8 zinatosha kati ya kukaza na kukaza. Anayekaza kila wiki anapunguza shina mpaka linabaki kama uzi.

Dredi ikitoboka ao ikikatika

Mtu akipitisha ndoano upande mmoja kila mara, shina linagawanyika na kuacha tundu. Usiendelee kukaza juu yake. Kwa ndoano nyembamba, vuta nywele zilizolegea za pande zote mbili ziingie ndani ya tundu, kidogo kidogo. Ukichoma sana, ndoano yenyewe itakata nywele.

Shina lililokonda lisibebe uzito peke yake: liunganishe na dredi ya jirani, zote mbili zikazwe kama moja. Dredi iliyokatika usiitupe. Ifunge ndani ya kitambaa kikavu, ungoje nywele za kichwani zifike sentimita 2 ao 3, ndipo uzisuke pamoja kwa ndoano.

Dalili za hatari

Maumivu yanayokukosesha usingizi, vipele vidogo kwenye paji la uso, ao nywele zinazopungua karibu na masikio ni alama kwamba umekaza kupita kiasi. Legeza siku hiyo hiyo. Mapema, nywele zinaweza kurudi. Ngozi ikiisha kufanya kovu, hazirudi tena. Mabaka ya duara yenye magamba, hasa kwa watoto, yanaweza kuwa mapunye: hayo ni ya kupeleka kituo cha afya. Ni sababu pia ya kutoazimana ndoano bila kuichemsha ao kuipangusa kwa alkoli.

Harufu ya ukungu inatokea kwa dredi zinazolala zikiwa na maji. Osha asubuhi, jua likiwepo, usioshe jioni. Kuhusu mafuta, matone machache ya mise kwenye ngozi ya kichwa yanatosha. Mawese mazito yanashika vumbi la kiangazi, na vumbi likiisha kuingia ndani ya dredi, kulitoa ni kazi kubwa. Anayepanda pikipiki kati ya Baraka na Fizi afunge kitambaa kichwani.

Kwa anayeanza, ni vizuri kukaza dredi nne ao tano za kisogoni, kisha kulala. Kesho yake kama hakuna maumivu, aendelee na zilizobaki kwa kipimo hicho hicho.