Mama Mwenye Ugonjwa wa Moyo Asikandwe Mguu

Wako watoto wanaozaliwa moyo wao ukiwa na tundu. Wengine hukua, huolewa na kupata mimba. Mama huyo huhema akibeba ndoo ya maji, na wapo wakwe wanaomwita mvivu. Si mvivu. Ni mgonjwa.

Mama akiwa na mimba, damu yake huganda upesi kuliko kawaida. Hiyo humsaidia asipoteze damu nyingi akijifungua. Lakini damu ikiganda ndani ya mshipa ni hatari. Mara nyingi bonge la damu huanzia mguuni. Likikatika huenda mpaka mapafuni na kuziba njia. Kwa mwenye tundu kwenye moyo, bonge laweza kupita tunduni likaenda kwenye ubongo. Mama hupooza upande mmoja.

Tazameni miguu. Mguu mmoja ukivimba, ukauma na kuwa wa moto, msiukande kwa maji wala kuuchua kwa mafuta. Mpelekeni mama zahanati siku hiyo hiyo. Akikosa pumzi ghafla, akikohoa damu au mdomo ukienda upande, tafuteni gari hapo hapo. Ruaha Mbuyuni tuko bondeni. Kufika hospitali ya mkoa, Iringa, ni lazima kupanda mlima Kitonga, na lori likiharibika pale magari hungoja. Kwa hiyo pesa ya vitunguu ikiingia, tengeni nauli mapema. Mama huyu asijifungulie nyumbani.

Dawa ipo. Sindano ya heparini huzuia damu kuganda, nayo haimfikii mtoto tumboni. Vidonge vya warfarini humfikia, na katika miezi ya kwanza vyaweza kumlemaza. Lakini mwenye vali ya bandia ya chuma asiviache mwenyewe, maana vali inaweza kuziba naye akafa. Akikosa siku zake, aende kwa daktari wiki hiyo hiyo. Daktari ndiye atakayebadili dawa. Kwa kazi hiyo ipo pia Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, iliyoanza mwaka 2015. Ndani ya basi anyooshe na kukunja miguu, na basi likisimama ashuke atembee kidogo.

Hatari haiishi mtoto akizaliwa. Wiki 6 za kwanza ndizo mbaya zaidi, na ndizo tunazomlaza mzazi kitandani mpaka arobaini. Muuguzi akimruhusu, atembee uani kila siku na anywe maji ya kutosha.